Sampuli ya Jumamosi ya Umuganda

Naandika haya nikiwa na figo zangu mbili, na zinafanya kazi. Nalitaja hilo mwanzoni kwa sababu mimi, wakati wa hofu yangu, nilikuwa nasoma simulizi za wagonjwa kuanzia ukurasa wa mwisho, nihakikishe kwanza kwamba aliyeandika hakufa. Kama nawe una tabia hiyo, tulia, sikufa. Ila usikimbilie chini, maana nina jambo la kuungama na nataka ulisikie kwa mpangilio wake.

Mtaani kwetu Rwezamenyo wananiita Mama Keza. Wazazi wangu ni Wanyarwanda, mimi nimekulia Karagwe, upande wa Tanzania, na Kiswahili hiki nilirudi nacho Kigali pamoja na sanduku moja la nguo. Kazi yangu ni kukagua mahindi katika kiwanda cha unga huko Masoro. Lori likiingia, ndiye mimi ninayepanda juu na bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji, nachoma gunia hili na lile, nakusanya punje kwenye kopo, nazipima. Punje za kopo moja zinaamua kama mzigo mzima utashushwa au utarudi ulikotoka. Madereva hawanipendi, na sijawahi kuwalaumu.

Ugonjwa ulianza na vidole. Zilikuwa mvua za masika, kila mtu analalamika baridi, nikadhani ni hiyo. Asubuhi moja nikashindwa kufunga vifungo vya sare ya Keza, binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka tisa. Alinitazama, akavifunga mwenyewe. Kisha ukaja wekundu usoni, umekaa puani na mashavuni kama nimezabwa vibao viwili, na jua likiupiga unawaka zaidi. Zikafuata nywele. Mwisho mkojo ukaanza kutoa povu kama maji ya kufulia, na nikiamka macho yamevimba hadi Faustin, mume wangu, akawa ananiuliza nimelilia nini.

"Lupasi," alisema daktari. Alikuwa mwanamke wa Moshi, mdogo kwangu kwa umri, mwenye sauti ya chini. Mwili unajipiga wenyewe, alinieleza, na wangu umeanza kuzipiga figo. Sikuuliza zaidi. Niliogopa kwamba nikiuliza atajibu.

Sasa nieleze kwa nini nilificha. Kwetu mwanamke akikonda, uso ukaharibika na nywele zikapukutika, majirani wana majibu mawili. La kwanza unalijua. La pili ni amarozi, yaani umerogwa, kuna aliyekutilia kitu kwenye kinywaji, na hapo kila aliyewahi kukupa soda anaanza kutazamwa kwa jicho la pembeni. Sikutaka hata moja kati ya hayo. Nikawaambia watu kwamba vumbi la unga limenidhuru ngozi, nikajifunga kilemba, nikawa natembea upande wa kivuli. Vidonge nilivyopewa vilinivimbisha uso ukawa mviringo kama sinia. Majirani wakanisifu kwamba sasa nimeanza kunenepa, na mimi nikashukuru.

Vidonge havikutosha. Kiangazi kizima povu halikuondoka, na vuli ilipokaribia daktari aliniita pamoja na Faustin. Akasema figo zangu zinazidi kuharibika, na zikifika mwisho nitakuwa mtu wa mashine, kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Kulikuwa na utafiti wa dawa mpya. Dawa yenyewe inabebwa ndani ya chembe ndogo mno, zinazoipeleka moja kwa moja kwenye figo.

"Ndogo kiasi gani?" niliuliza.

"Dada, punje moja ya unga wenu ni mlima mbele yake."

Udogo huo ndio uliokuwa msaada wake, na ndio uliokuwa mashaka yake. Kitu kidogo namna ile kinaweza kupenya hadi ndani ya chembe hai za mwili, mlimo vinasaba, na kuvikata. Wanyama walikuwa wamepimwa, watu wachache wa kwingine pia, lakini kila mgonjwa angechukuliwa damu siku moja baada ya kila dripu, waangalie vinasaba vyake kama ni vizima.

"Na vikikutwa vimekatika?"

"Tunasimamisha dawa."

"Yangu?"

"Ya wote. Mtakuwa saba."

Faustin ni fundi seremala, karakana yake iko Nyakabanda, na ni mtu asiyeamini kitu asichoweza kukigonga kwa kidole. Tukitoka pale aliniambia, "Sha, unaweka kitu kwa mwili, na hawa wenyewe hawajui kitatoka siku gani?" Tulikuwa tumepanga mtoto wa pili. Hakulitaja hilo, nami sikulitaja, tukabishana juu ya nauli hadi nyumbani. Kesho yake nikatia sahihi. Naye akatia, kama shahidi, kwa mkono mzito.

Dripu zilikuwa Ijumaa, kila baada ya wiki nne. Benchi la kusubiri lilikuwa kwenye korido isiyo na dirisha, na hapo ndipo nilipompata Bi Mwajuma, jirani yangu wa Rwezamenyo ambaye kwa miaka yote tulikuwa tukisalimiana tu. Yeye hakuficha lolote. "Mimi lupasi imeniingia, figo zimegoma, haya, nani anataka chai?" Alikuja na chupa ya chai ya tangawizi na vitumbua, akatugawia, na ambaye hakula alimfokea. Wa mwisho wa benchi alikuwa binti mmoja mwenye kitambulisho cha kiwanda kingine cha Masoro shingoni, sikuwahi kusoma kipi, masikioni ana nyaya za simu. Kila tukionana tuliitikiana kwa kichwa, na jina lake sikuuliza.

Kesho yake, Jumamosi saa mbili asubuhi, nesi Consolata alikuja nyumbani kunitoa damu. Alikuwa anakaa Nyakabanda, akija kwa miguu. Damu iliwekwa kwenye kisanduku cheupe cha barafu chenye alama kubwa nyekundu na maandishi ya hospitali, kisha Bosco, mtu wa pikipiki, akakipeleka maabara. Siku ya kwanza nilipokiona kisanduku kile kinatoka mlangoni kwangu nilihisi mtaa mzima umeacha shughuli zake. Nikachukua kitenge nikakifunika.

"Hapana, Mama Keza," Consolata alisema. "Hii alama iko na sababu yake."

"Mpaka avuke kona ya barabara kubwa tu. Dada, nakuomba."

Alinitazama kilemba changu, akatazama uso wangu. "Ngaho, sawa. Lakini daktari asijue."

Bosco naye akaambiwa. Dripu ya kwanza ikapita hivyo, na ya pili. Povu lilianza kupungua. Ya tatu ilisogezwa mbele wiki moja kwa sababu nilikuwa na kikohozi, na Jumamosi yake ikaangukia ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa ambayo kila mtu mzima analazimika kuifanya. Faustin alitoka na jembe saa moja kwenda kuzibua mitaro pamoja na majirani. Nilijua kabisa ni umuganda, kwamba hadi saa tano barabara hazina magari. Kichwani mwangu vitu vya hospitali vinapita. Na ni kweli vinapita, kwa alama yake. Consolata akatoa damu, mimi nikafunika alama, nikaingia ndani kulala, nikiwa na furaha kwamba asubuhi hiyo nilikuwa nimemfungia Keza nywele kwa vidole vyangu mwenyewe.

Siku kumi baadaye tuliitwa wote saba.

Daktari alisimama, hakukaa. Alisema katika sampuli za raundi ile kuna moja ambayo vinasaba vimekutwa vimekatikakatika, sana, na mpaka kamati ikae na sababu ijulikane hakuna atakayepewa dripu. Hakumtaja mtu. Bi Mwajuma alikuwa na kitumbua mdomoni, akaacha kutafuna. Yule binti alitoa nyaya masikioni, na ndiyo mara ya kwanza nikasikia sauti yake.

"Vikikatika vinaunganika?"

"Mwili unajirekebisha kwa sehemu kubwa," daktari alisema. "Lakini bado hatujui tunachokiona ni nini."

"Mimi nimeolewa juzi," alisema yule binti. Akavaa mkoba wake, akatoka.

Kisha daktari akaniita peke yangu, nami nikajua ni ya nani.

Akauliza maswali. Nimepigwa picha ya eksirei? Navuta sigara? Kazini tunafukizia mahindi dawa? Nikasema ndiyo, tunafukizia, lakini siingii ghalani siku hizo. Akamgeukia Consolata aliyekuwa amesimama mlangoni. "Kisanduku kilisafiri vizuri?"

"Kama kawaida," alisema Consolata, akiangalia sakafu. Nilidhani analindalinda kile kitenge changu, nikamshukuru moyoni.

Wiki zilizofuata sina namna ya kuzieleza ila kusema niliogopa. Kuvunjika mfupa unauona kwenye picha, kidonda unakifunga. Mimi niliambiwa kitu kimekatika mahali ambapo sipaoni, katika ile karatasi ya maagizo ambayo mwili wangu unaisoma ili uendelee kuwa mimi. Nilikaa nikijitazama mikono. Nikawaza mtoto wa pili, nikamwona hana sura. Nikafanya na upumbavu ambao mpaka leo unaniumiza: nikatenga kikombe changu. Nilijua haiambukizi, daktari alishasema. Lakini Keza alipotaka kumalizia chai yangu, kama alivyozoea tangu mdogo, nilimnyang'anya.

"Mama," aliniuliza, "unaniogopa?"

Nilikwenda kusimama uani.

Faustin alisema mara moja tu, "Nilikuambia." Povu likarudi, na viatu vikaanza kubana jioni. Kila niliporudi hospitali kuuliza, kamati ilikuwa bado haijakaa.

Nikaendelea kwenda kazini, maana kukaa nyumbani na mawazo ni kuzama. Siku moja nilipima mahindi ya dereva mmoja nikayakuta makavu ajabu, yanakatika yenyewe, nikataka kumwandikia kwamba yamechomwa kwa kukaushwa vibaya. Dereva akapandwa na hasira. Akanishika mkono, akanipeleka hadi kwenye boneti ya lori lake, akanionyesha alama ya mviringo kwenye vumbi. Msaidizi wangu alikuwa ameliacha kopo pale, wazi, tangu asubuhi.

"Mama, wewe umepima jua! Mahindi yangu hujayapima!"

Nilimwomba radhi, nikapanda na bambo upya. Nikiwa juu ya magunia nikakaa. Mimi, mtu wa sampuli, niliyewafokea vijana wangapi kwa kopo lililokaa vibaya, sikuwahi hata siku moja kuuliza damu yangu ilifikaje.

Jioni hiyohiyo nilimkuta Bosco kwenye kona yake anasubiri abiria. Nikamuuliza Jumamosi ile alifika maabara saa ngapi. Alivua kofia yake ya pikipiki kwanza.

"Barinisimamisha, Mama Keza. Hapa chini tu, kwa kona. Wakubwa ba mudugudu, ba mtaa hapa. Bakauliza, ndani iko nini? Mimi nikasema iko nguo."

"Kwa nini hukufungua, waione alama?"

"Ningefungua namna gani? Bote pale ni majirani yako. Na bwana yako iko mbele kidogo, iko analima mtaro. Wewe ndiye ulisema basijue."

"Kisanduku kikakaa wapi?"

"Kwa kiti ya pikipiki. Mimi barinipatia jembe." Akafikiri. "Jua iliwaka sana siku ile. Mpaka saa tano. Nilimupigia Consolata, akasema peleka tu."

Alinitunzia siri. Kati ya watu wote waliohusika, yeye peke yake alitimiza ahadi kikamilifu, na sikuweza kumkasirikia.

Consolata nilimfuata kwake Nyakabanda. Aliponiona mlangoni alianza kulia kabla sijasema. Alikuwa ameandika kwenye fomu kwamba damu ilitolewa saa nne na nusu, ili masaa yale yasionekane. "Mama Keza, mimi iko na batoto watatu. Ngoja tu. Watapima tena, itatoka nzuri, hakuna mtu atajua."

Hapa ndipo kuungama kwangu kwenyewe. Nilingoja. Siku nne nilingoja, nikijua. Nilisema namwonea huruma Consolata, na ni kweli nilimhurumia, mkono wake uliofanya kosa ulikuwa umenifanyia hisani kwanza. Lakini zaidi ya hapo nilijiogopea mwenyewe. Kwenye karatasi niliyotia sahihi kulikuwa na kifungu kwamba mgonjwa asiguse vifaa vya sampuli. Nikaona wanatoa jina langu, nikaiona ile mashine.

Siku ya tano Bi Mwajuma alinipigia simu. Hakuwa na mzaha. Alisema miguu imevimba, hakuna kiatu kinachoingia, tangu jana anatembea kwa malapa ya marehemu mumewe. "Na pumzi nayo, Mama Keza. Napanda ngazi tatu nakaa." Nikamwambia pole. Nikakata simu nikamwambia Faustin kila kitu, tangu kitenge hadi fomu. Alikuwa anapiga randa ubao. Aliuweka chini, akanawa mikono. "Twende," alisema.

Daktari alinisikiliza hadi mwisho. Nilitegemea anifokee. Alivua miwani, akafikicha macho muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ileile ya chini, "Wagonjwa saba, dada. Wiki tano."

Halafu akasema jambo lililonitisha kuliko yote. Hakusema ni jua. Alisema huenda ni jua. Damu iliyopata joto na mwanga hukatika vinasaba, ndiyo, lakini dawa nayo ingeweza kuwa imevikata, na kwa sampuli ile hakuna anayeweza kutenganisha. Njia ilikuwa moja: mtu mmoja apewe dripu tena, apimwe sawasawa. Kamati ingekubali kama mtu huyo angekubali.

"Nani?" niliuliza, kama sijui.

Nilikaa kwenye kile kiti peke yangu, benchi lote tupu, nikiangalia matone yanashuka. Kila tone niliuliza kama ndilo linalokata. Faustin alishika kidole changu kimoja, kidogo cha mwisho, kwa sababu mkono mwingine una sindano na kwenye huu viungo viliuma. "Humura," alikuwa akisema, usiogope.

Jumamosi alikuja nesi mwingine. Kisanduku kilitoka na alama yake wazi, mama wa duka la mkaa akasimama kutazama. Nilitoka nikasimama barazani bila kilemba. "Ni figo," nilimwambia, kabla hajauliza. "Nina lupasi." Akasema, "Yewe, ihangane," kwa maana ya pole, na mchana akaniletea ndizi. Nilikuwa nimeogopa miezi kumi kitu kilichomalizika kwa ndizi.

Majibu yalichukua siku tisa. Sitayaeleza masiku hayo, nilishasema sina namna. Daktari aliyasoma mara mbili, mara ya pili polepole. Vinasaba vyangu vilikuwa kama vilivyokuwa kabla sijaonja dripu ya kwanza. "Vya mtu yeyote anayeishi mjini na kuvuta moshi wa magari," alisema. Wataendelea kunipima miaka na miaka, na hajui kila kitu, aliniambia hilo pia. Nilirudi nyumbani nikamimina chai, nikanywa nusu, nikampa Keza. Alinusa kwanza.

Dripu zilirudi. Consolata aliondolewa kwenye utafiti akapelekwa idara nyingine, tukipishana koridoni hanisalimii. Mimi sikutolewa. Miguu ya Bi Mwajuma ilishuka, ingawa figo zake hazikurudi kabisa zilipokuwa. Nilimfuata nyumbani kwake nikamwambia. Alinisikiliza akiwa anachambua mchele, na ungo ulikuwa umesimama zamani kabla sijamaliza.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Sawa. Lakini maradhi ufiche wewe, kifo kije kuniumbua mimi?"

Nililia. Alinizuia kwa mkono.

"Usinililie hapa. Wengine watano umewaambia?"

"Daktari amewapigia simu."

"Nimekuuliza wewe."

"Bado."

"Basi umekaa hapa unafanya nini?"

Niliwafuata. Mmoja alinisamehe papo hapo, mmoja alifunga mlango, wawili walinyamaza. Wa tano ni yule binti wa Masoro. Simu yake hospitali wameipiga mpaka wamechoka, haipatikani, na jina lake hawaruhusiwi kunipa. Nilisimama kwenye mageti ya viwanda, kimoja baada ya kingine, nikieleza msichana ambaye sijui hata jina lake. Kwenye geti moja mlinzi alisema yuko kama huyo, aliacha kazi ghafla, labda amekwenda kwa ndugu zake Uganda, labda kwa wakwe. Hakurudi kuchukua dawa yoyote, hata vile vidonge.

Kwa hiyo naandika, na naomba kila anayesoma asome na kumsomea mwingine. Kama ndiye wewe uliyeuliza siku ile kama vinaunganika, sikiliza. Havikukatika. Ilikuwa ni damu yangu, ikakaa juani, na aliyeiweka juani ni mimi. Usiogope mwili wako. Zaa ukitaka kuzaa, lakini kwanza rudi, mwambie daktari, utibiwe. Ukiamka macho yamevimba usingoje. Nami Ijumaa za dripu huwa nakaa mwisho wa benchi, nimeacha nafasi. Njoo uniambie jina lako.